Kubadilisha Tangi la Mafuta la Pikapu kwa Tangi Kubwa Zaidi Ukiwa Nyumbani

Kila aliyewahi kusafiri mbali akiwa na madumu ya mafuta nyuma ya pikapu anaijua harufu yake, anajua yanavyovuja kwenye barabara ya mashimo, na anajua wasiwasi wa kumimina mafuta kando ya njia huku upepo ukivuma. Tangi kubwa linalokaa mahali pa lile la kiwandani huondoa adha hiyo. Pikapu inayotumia lita 10 kwa kila kilomita 100 hufika takribani kilomita 800 kwa tangi la lita 80. Ikipewa tangi la lita 140, inakaribia kilomita 1,400 bila kusimama kujaza. Mtu aliyezoea kushika spana, mwenye sehemu tambarare ya kufanyia kazi na msaidizi mmoja wa kuaminika, anaweza kuikamilisha kazi hii nyumbani kwa siku moja au mbili.

Wengi hudhani kwamba ugumu uko katika kulishusha tangi la zamani na kulipandisha jipya. Hiyo ni kazi ya nguvu tu. Kazi hii huharibikia mahali pasipoonekana baada ya kumaliza: njia ya hewa, kina cha mdomo wa kufyonzea mafuta, na kipimo kinachopeleka taarifa kwenye geji. Kwa sababu hiyo nitapita haraka kwenye boliti na nati, na nitakaa zaidi kwenye mambo hayo matatu.

Kuchagua tangi

Nunua tangi lililotengenezwa kwa ajili ya aina ya gari lako, mwaka wake, urefu wa chasisi yake na mafuta yake. Pikapu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana mahali propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) inapopita, mahali bomba la moshi linapokunja, au nafasi iliyopo kati ya chasisi na springi. Siungi mkono kabisa tangi la kuchomelewa kwa kukisia vipimo, hata kama fundi wake ni hodari wa kuchomelea, kwa sababu mshono unaoonekana safi leo hupasuka baada ya miezi ya mtikisiko, na ukipasuka mafuta humwagikia karibu na bomba lenye joto kali. Katika nchi nyingi, mabadiliko ya tangi hukaguliwa au lazima yaandikishwe, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ikiwa hayakuelezwa. Uliza mambo hayo kabla ya kulipia tangi.

Matangi haya hutengenezwa kwa chuma, kwa chuma kisichoshika kutu, kwa alumini, au kwa plastiki nzito ya polietilini. Plastiki haishiki kutu, na hustahimili kugongwa na mawe vizuri kuliko wengi wanavyoamini. Hata hivyo, baadhi ya matangi ya plastiki yametengenezwa kwa dizeli peke yake, na hayo hayafai kutiwa petroli hata kwa muda mfupi, kwa kuwa petroli hupenya polepole kwenye plastiki isiyoandaliwa kwa ajili yake. Kwa upande wa dizeli, epuka tangi lililopakwa zinki kwa ndani na viungio vya shaba, kwa sababu metali hizo huharakisha kuharibika kwa dizeli na kuzalisha uchafu unaoziba chujio.

Chungulia ndani kwa tochi uone kama kuna kuta zenye matundu zinazogawa tangi. Kuta hizo huzuia mafuta yasipige mawimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine unapofunga breki au kukata kona. Katika tangi dogo wimbi hilo si kitu. Katika tangi la lita 140 lililojaa nusu, gari linaweza kusukumwa kwa namna ambayo dereva anaisikia kwenye usukani, na pampu inaweza kufyonza hewa tangi likiwa bado na mafuta ya kutosha.

Uzito nao uhesabiwe. Lita moja ya dizeli ina takribani gramu 840, na ya petroli takribani gramu 745. Lita 60 za ziada za dizeli ni kama kilo 50, pamoja na uzito wa tangi lenyewe na bamba la kulikinga kwa chini. Kilo hizo hutolewa kwenye mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba. Haziongezwi juu yake. Pima pia nafasi iliyobaki kati ya sakafu ya tangi jipya na ardhi, kwa sababu tangi likining'inia chini kuliko difu (kasha la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma) ndilo litakalogonga jiwe kwanza.

Moto na mvuke

Mvuke wa petroli hushika moto hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa, na hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche iliyo mbali na pale ulipo. Mchanganyiko wa asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke huo katika hewa unatosha kulipuka. Ndiyo maana tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa: lililojaa limesheheni mafuta, lililo tupu limesheheni mchanganyiko wenyewe wa kulipuka. Usilitoboe, usilikate, wala usilichomelee tangi lililowahi kutiwa mafuta, hata kama limekaa wazi juani kwa wiki nzima. Dizeli ni pole zaidi, kwa kuwa mvuke wake hushika moto ikishapata joto la nyuzi 50 na zaidi, lakini dizeli iliyomwagika juu ya bomba la moshi lenye joto huwaka vilevile.

Fanya kazi nje au penye upepo wa kutosha, mbali na jiko, friji, chaja na shimo lolote ambalo mvuke unaweza kujikusanya. Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Weka kizimamoto cha poda kavu mahali unapoweza kukifikia bila kupita kwenye gari. Taa ya kufanyia kazi iwe ya betri na iliyofungwa vizuri, kwa kuwa balbu ya kawaida ya umeme wa nyumbani ikivunjika chini ya gari huwasha moto papo hapo. Vaa miwani ya kinga na glavu zisizoyeyuka kwa mafuta.

Kutoa mafuta na kulegeza shinikizo

Anza kazi mafuta yakiwa yamebaki kidogo kabisa. Endesha gari hadi taa ya akiba iwake, kisha utoe yaliyobaki kwa pampu ya mkono na kuyatia kwenye chombo cha chuma kilichoidhinishwa kwa mafuta, kikiwa kimekaa ardhini. Usifyonze kwa mdomo. Unganisha chombo hicho na chasisi kwa kipande cha waya, kwa sababu mafuta yanayotiririka huzalisha umeme tuli, na cheche ndogo ya umeme huo inatosha kuuwasha mvuke wa petroli. Katika magari mengi mpira wa pampu hauwezi kupita kwenye shingo ya kujazia, kwa kuwa kuna wavu au kilango ndani yake. Ukikwama hapo, usilazimishe. Subiri uyatoe kupitia tundu la pampu ya mafuta lililo juu ya tangi, baada ya kulifikia.

Mfumo wa petroli wenye sindano za mafuta (injekta zinazopuliza mafuta kwenye injini) kwa kawaida hufanya kazi kwa shinikizo la baa 3 hadi 4, na shinikizo hilo hubaki ndani ya mabomba hata injini ikiwa imezimwa. Njia rahisi ya kulipunguza ni kuchomoa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, kurudisha waya wa betri kwa muda mfupi, kuwasha injini na kuiacha izime yenyewe, kisha kuchomoa betri tena. Kwenye injini za dizeli za kisasa, usilegeze kamwe mabomba ya chuma yanayoelekea kwenye sindano. Shinikizo la huko huzidi baa 1,000, na mchirizi mwembamba wa dizeli kwa nguvu hiyo hupenya ngozi na kusababisha jeraha linalohitaji upasuaji. Kazi yako yote iko upande wa tangi, ambako shinikizo ni dogo.

Kushusha tangi la zamani

Weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, ziba magurudumu ya mbele kwa vizuizi pande zote mbili, kisha inua sehemu ya nyuma na kuikalisha juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chasisi, mahali ambapo hazitazuia tangi kushuka. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini ya gari. Siku moja kabla, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati za mikanda ya chuma inayoshika tangi, kwa sababu nati hizo hukaa kwenye matope na maji kwa miaka, na boliti ya mkanda ikikatika utapoteza nusu siku.

Kabla ya kuchomoa chochote, osha sehemu ya juu ya tangi kwa maji au kwa hewa ya kupuliza, kwa kuwa mchanga uliokusanyika pale utaingia kwenye mabomba mara tu utakapoyafungua. Piga picha za kila kiungio na kila waya, kisha funga kipande cha utepe chenye alama kwenye kila mpira. Njia ya kwenda injini na njia ya kurudi hufanana sana, na ukizibadilisha utapoteza saa nyingi ukitafuta hitilafu isiyokuwepo. Weka ubao mpana juu ya jeki ya pili, uiguse sakafu ya tangi, kisha legeza mikanda kidogo kidogo. Tangi linaposhuka sentimita 10 hadi 15, simama, ingiza mkono juu yake, na uchomoe mabomba na plagi zilizobaki. Mafuta machache yaliyobaki ndani huhamia upande mmoja ghafla, kwa hiyo msaidizi na alishike tangi muda wote.

Katika pikapu nyingi ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi: kufungua boliti zinazoshika bodi la mizigo, mara nyingi sita au nane, kuchomoa waya wa taa za nyuma na skrubu za shingo ya kujazia, kisha watu wanne kuliinua bodi na kuliweka pembeni. Ukifanya hivyo unaona sehemu yote ya juu ya tangi ukiwa umesimama, na viungio vya hewa unavifunga kwa macho badala ya kupapasa. Waya mwembamba wa eathi unaounganisha shingo ya chuma na chasisi uwekewe alama, kwa kuwa ni rahisi kuusahau wakati wa kurudisha, na kazi yake ni kuondoa umeme tuli wakati wa kujaza.

Kuhamisha pampu na boya

Usafi wa tangi jipya usiuchukulie kirahisi. Matangi mengi, hasa ya plastiki, hufika yakiwa na unyoya wa plastiki na chembe zilizobaki baada ya kutoboa matundu. Zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, mimina lita chache za mafuta safi ya aina ile ile, tikisa, toa, na urudie hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Chembe moja kwenye mdomo wa pampu inaweza kukusimamisha njiani ukiwa na lita 100 chini yako.

Pete inayoifunga pampu hufunguliwa kwa kifaa chake, au kwa kuigonga taratibu kwa kipande cha mbao ngumu au cha shaba ya njano, wala si kwa patasi ya chuma inayotoa cheche. Itoe pampu ikiwa imeinama, ili mkono wa boya, yaani kielea kinachopima mafuta kwa ajili ya geji, usipinde. Oringi ya zamani, yaani pete ya mpira inayoziba tundu, usiirudishe. Imeshavimba na kuchukua umbo la tundu la zamani. Ikiwa pampu ina miaka mingi, ibadilishe sasa, kwa kuwa kuifikia tena kutakugharimu kazi hii yote kwa mara ya pili.

Sasa pima kina. Pima kwa rula kutoka ukingo wa tundu hadi sakafu ya tangi jipya, ulinganishe na lile la zamani. Tangi likiwa na kina kirefu zaidi na mdomo wa kufyonza ukabaki pale pale, mafuta yote yaliyo chini ya mdomo huo hayatatumika kamwe, na utakuwa umelipia ukubwa usioupata. Vifaa vizuri huja na kipande cha kurefusha au kikombe kipya cha kukaa sakafuni. Pampu zenye springi za kujisukuma chini hurefuka zenyewe kwa kiasi fulani tu, kwa hiyo hakikisha kwamba springi bado imebanwa kidogo pete inapofungwa. Ukirefusha kwa mpira, tumia mpira uliotengenezwa kwa kuzama ndani ya mafuta, wenye alama ya kiwango SAE 30R10. Mpira wenye alama 30R9 hufaa kwa mabomba ya nje yenye shinikizo la sindano, lakini ukizamishwa ndani ya tangi ngozi yake ya nje huoza na kuziba chujio.

Boya linahitaji uvumilivu. Geji ya kwenye dashibodi haijui lita. Inajua ukinzani wa umeme unaobadilika boya linapopanda na kushuka. Chukua mita ya umeme, pima ukinzani huo kwa omu boya likiwa chini kabisa na likiwa juu kabisa, ukiwa mbali na mvuke, na uandike. Kisha linganisha urefu wa mkono wa boya na kina cha tangi jipya. Mkono ukiwa mfupi kuliko kina, boya hufika mwisho wa safari yake kabla tangi halijajaa, na dereva huona mshale wa geji umeganda kwenye alama ya kujaa kwa kilomita nyingi, kisha ukaanza kushuka kwa kasi inayotia hofu. Maelekezo ya mtengenezaji wa tangi hueleza jinsi ya kuukunja au kuurefusha mkono huo. Fuata hayo, lakini kipaumbele kiwe alama ya chini. Ni afadhali geji idanganye likiwa limejaa kuliko idanganye likikaribia kwisha. Hakikisha pia kwamba boya haligusi ukuta wowote wa ndani katika safari yake yote.

Njia ya hewa

Kila lita ya mafuta inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa, na kila lita inayoingia wakati wa kujaza lazima iitoe hewa. Kwa kawaida kuna mipira miwili: mnene unaopeleka hewa juu kwenye shingo wakati wa kujaza, na mwembamba wa kupumulia wakati wa safari. Mpira mnene unapaswa kupanda mfululizo kutoka tangini hadi kwenye shingo. Ukilegea mahali fulani na kufanya tumbo, mafuta hutuama pale kama maji kwenye kiwiko cha sinki, hewa inakosa njia, na bomba la kituo cha mafuta linajifunga kila baada ya lita moja. Kwa kuwa tangi kubwa mara nyingi hubadilisha umbali kati ya tundu na shingo, mpira wa zamani huwa mrefu mno au mfupi mno. Ukate kwa kipimo au ununue mpya.

Mpira mwembamba ukibanwa, matokeo yake ni mabaya zaidi, kwa sababu pampu huvuta dhidi ya tangi lisilopumua, injini hupoteza nguvu baada ya nusu saa ya mwendo, na tangi la plastiki huanza kubonyea kuelekea ndani. Dalili ni sauti ya hewa ikiingia kwa nguvu unapofungua mfuniko. Valvu inayozuia mafuta kumwagika gari likipinduka irudishwe mahali pake, ikiwa imesimama wima. Kwenye gari la petroli, bomba linaloelekea kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke liunganishwe kama lilivyokuwa. Usilizibe wala usiliache wazi.

Kulipandisha na kulifunga

Kalisha tangi juu ya ubao na jeki, lipandishe hadi nafasi ya mkono ibaki, unganisha mabomba, mipira na plagi za umeme, kisha lipandishe kabisa. Viungio vya kubofya vinapaswa kutoa mlio na kukataa kutoka ukivivuta. Kati ya mkanda na tangi kuwe na ukanda wa mpira, kwa kuwa chuma kikisugua tangi moja kwa moja hulitoboa. Kaza nati kwa zamu, pande zote mbili, hadi nguvu iliyotajwa kwenye maelekezo, bila kuongeza kwa kukisia. Tangi la plastiki likibanwa kupita kiasi hupoteza umbo. Zungusha propela shafti kwa mkono, angalia nafasi iliyopo, na ukague umbali kutoka bomba la moshi. Bati la kuzuia joto lililokuwepo lirudi, na kama tangi jipya limelikaribia bomba hilo kuliko la zamani, ongeza bati jingine.

Kujaza na kujaribu

Mimina lita 20 tu. Rudisha waya wa betri, washa swichi bila kuwasha injini kwa sekunde chache, zima, na urudie mara tatu au nne ili pampu ijaze mabomba. Kwenye dizeli yenye pampu ya mkono juu ya chujio, bonyeza hadi iwe ngumu. Washa injini, ingia chini na tochi, na upitishe karatasi kavu kwenye kila kiungio. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho haliuoni.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Oringi ya pampu, viungio vya hewa na mpira wa shingo viko juu ya tangi, na lita 20 hazivifikii. Nenda ukajaze hadi mwisho, kagua tena mara moja, kisha acha gari limesimama usiku kucha na ukague asubuhi. Usishindilie mafuta hadi kwenye shingo: dizeli hutanuka kwa takribani asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo lita 140 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50 huongezeka zaidi ya lita 3, na lita hizo zinahitaji mahali pa kwenda. Baada ya kilomita mia chache, kaza tena nati za mikanda, kwa kuwa uzito wa tangi lililojaa huikalisha mikanda na mipira yake.

Katika mizunguko michache ya kwanza, usiamini geji wala hesabu ya kilomita zilizobaki inayotolewa na kompyuta ya gari, ambayo bado inafikiri kwa tangi la zamani. Beba dumu moja dogo kwa mara ya mwisho, acha mafuta yashuke hadi taa ya akiba iwake, kisha ujaze lita 20 kwa kila awamu, na kila awamu uandike mahali mshale wa geji uliposimama. Kadi yenye namba hizo ibandike nyuma ya kibao cha kuzuia jua cha dereva.